Imekuwaje bakteria awe sugu kwa dawa ambayo mgonjwa hajawahi kuitumia?

Swali: Mama yangu ana miaka 58. Amekuwa akikojoa kwa maumivu na mkojo ukapelekwa maabara kuoteshwa. Majibu yanasema ni E. coli. Penye ampisilini, seftriaksoni, siprofloksasini, kotrimoksazoli na jentamisini wameandika R, yaani sugu. Penye nitrofurantoini, fosfomisini na meropenemu wameandika S, yaani dawa inamzuia. Mama hajawahi kuchomwa sindano ya seftriaksoni wala ya jentamisini. Mwili wake umezoeaje dawa asizowahi kutumia? Na kwa nini dawa tano zishindwe kwa mkupuo mmoja?

Jibu: Pole kwa kuuguliwa na mama. Mwili wake haujazoea dawa yoyote. Aliye sugu ni bakteria, na usugu huo umo ndani ya DNA yake. Kila anapogawanyika anaurithisha. Bakteria huupata kwa njia mbili: ama besi (herufi za DNA) za jeni zake mwenyewe zinabadilika, ama anapokea jeni nzima kutoka kwa bakteria mwingine. Karatasi ya mama inaelekea kuwa na njia zote mbili, kwa hiyo nitaifuata dawa kwa dawa. Karatasi yenyewe haitaji jeni, inasema tu ni dawa ipi imezuia ukuaji na ipi imeshindwa. Ila mkusanyiko huu wa R kwa E. coli wa mkojo unajulikana sana, na jeni zilizo nyuma yake zimesomwa mara nyingi katika ukoo uitwao ST131, ulioelezwa mwaka 2008 na uliokwisha kuenea duniani kote. Maelezo yangu yanafuata ukoo huo.

Tuanze na siprofloksasini. Dawa hii hukamata kimeng'enya kiitwacho jairesi, ambacho hukata nyuzi za DNA, hulegeza misokoto yake, kisha huziunga tena bakteria anapojinakili. Siprofloksasini hukibana kikiwa kimeshakata na bado hakijaunga, na bakteria hufa DNA yake ikiwa imekatikakatika. Sasa tazama jeni ya gyrA, inayotengeneza sehemu ya jairesi. Nafasi ya 83 ya protini hiyo imeandikwa kwa besi tatu, TCG, ambazo huagiza asidi-amino iitwayo serini. C ya katikati ikikosewa wakati wa kunakiliwa ikawa T, tunapata TTG, na mahali pa serini anakaa leusini. Ni besi moja tu kati ya takriban milioni 5. Jairesi inaendelea kufanya kazi yake, lakini dawa haipati tena pa kushika sawasawa.

Badiliko hilo peke yake halitoshi kumpa bakteria usugu wa kutangazwa. E. coli wa kawaida huzuiwa na siprofloksasini ya takriban miligramu 0.015 kwa lita. Mwenye badiliko la nafasi ya 83 huhitaji kama 0.25. Akiongeza jingine kwenye gyrA nafasi ya 87, na jingine kwenye parC, jeni ya kimeng'enya ndugu wa jairesi, nafasi ya 80, kiwango hupanda hadi 8, 32 au zaidi, na hicho dozi ya kawaida haikifikii ndani ya damu. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila anayeandika dawa aujue: mpaka wa kumwita E. coli "S" kwa siprofloksasini ni 0.25, katika viwango vya Ulaya na vya Marekani vilevile. Kwa hiyo bakteria aliyekwisha kupanda ngazi ya kwanza anaweza kuandikiwa S. Mgonjwa anapewa dawa, wale wasio na badiliko wanakufa, na yule mwenye ngazi moja anabaki na nafasi yote ya kuzaana na kupata ya pili. Kwa salmonela wa homa ya matumbo maabara nyingi huukwepa mtego huu kwa kutumia disiki (kikaratasi chenye dawa kinachowekwa juu ya bakteria) ya pefloksasini ya mikrogramu 5, kwa sababu hiyo huonyesha badiliko la kwanza mapema kuliko disiki ya siprofloksasini.

Je, dawa ndiyo iliyoleta badiliko? Hapana, na hili limethibitishwa zamani. Salvador Luria na Max Delbrück walilifikia kwa hesabu mwaka 1943, wakitumia virusi vinavyoua bakteria. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg wakalionyesha kwa kitambaa cha mahameli. Waliotesha E. coli kwenye sahani isiyo na dawa, wakagandamiza mahameli iliyotakaswa juu yake ili nyuzi zake zinase bakteria kutoka kila mahali, kisha wakaigandamiza mahameli hiyohiyo kwenye sahani zenye streptomaisini. Makoloni machache yaliyoota kwenye dawa yaliota mahali palepale katika kila sahani. Walipochukua bakteria kutoka sehemu hiyohiyo ya sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kugusana na dawa, waliwapata wenye usugu wamo tayari. Dawa haifundishi bakteria kitu. Inaua wasio na badiliko na kumwachia uwanja aliyekuwa nalo.

Kwa kifua kikuu njia hii ndiyo yote, kwa sababu usugu wa bakteria wa TB hautokani na jeni za kupokea, bali na mabadiliko ndani ya kromosomu yake. Hesabu yake inafaa kuijua. Kishimo kimoja kwenye pafu kinaweza kuwa na bakteria milioni 100. Mwenye usugu kwa isoniazidi hupatikana takriban mmoja kati ya milioni 1. Kwa rifampisini, mmoja kati ya milioni 100. Maana yake, kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, ndani ya kishimo hicho wapo kama 100 wanaoikwepa isoniazidi na pengine mmoja anayeikwepa rifampisini. Wa kuzikwepa zote mbili kwa pamoja ni mmoja kati ya trilioni 100, yaani karibu hayupo. Ndiyo sababu TB haitibiwi kwa dawa moja, na ndiyo sababu mgonjwa anayeruka dawa moja kati ya zile anazopewa anaharibu hesabu yote. (Badiliko linaloleta usugu wa rifampisini mara nyingi zaidi liko kwenye jeni ya rpoB, na nalo ni TCG kuwa TTG, serini kuwa leusini, sawasawa na la gyrA.)

Sasa turudi kwenye karatasi ya mama. Ampisilini na seftriaksoni ni habari tofauti kabisa. Hapo hakuna besi iliyokosewa. Kuna jeni nzima ambayo E. coli hakuzaliwa nayo. Dawa za jamii hii zina pete ya kemikali iitwayo beta-laktamu, na kwa pete hiyo hukwama kwenye vimeng'enya vinavyojenga ukuta wa bakteria. Jeni iitwayo blaCTX-M-15 hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja pete hiyo. Molekuli moja ya kimeng'enya huvunja dawa, huiachia, kisha hushika nyingine, tena na tena, kwa hiyo kuongeza dozi hakusaidii.

Asili ya jeni hii inajulikana. Jeni za jamii ya CTX-M zimo kwenye kromosomu za bakteria wa jamii ya Kluyvera, wanaoishi kwenye mazingira na mara chache huugua mtu kwa sababu yao. Kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama, ISEcp1, kilijipachika kando ya jeni hiyo, kikaichukua na kuihamishia kwenye plasmidi. Kipande hicho kilileta pia swichi kali ya kuwasha jeni. Huko ilikotoka jeni ilikuwa ikifanya kazi kidogo. Nyuma ya swichi mpya inatengeneza kimeng'enya kwa wingi. Hili nalisisitiza kwa sababu watu husikia "jeni ya usugu ipo" wakadhani inatosha. Jeni isiyowashwa haimkingi bakteria, na jeni ileile ikipata swichi kali hugeuka kuwa janga.

Plasmidi ni duara la DNA lililo nje ya kromosomu, linalojinakili lenyewe. Zile zinazobeba CTX-M-15 mara nyingi zina besi zaidi ya 100,000. Bakteria mwenye plasmidi hutoa kinywele chembamba cha protini, humvuta jirani, kisha husukuma kwake uzi mmoja wa DNA ya plasmidi huku akibaki na mwingine. Kila mmoja hujaza uzi uliokosekana. Kwa plasmidi ya ukubwa huo kazi inaisha kwa dakika chache. Mwishoni wote wawili wanayo, na aliyepokea anaweza kumpa wa tatu. Jirani si lazima awe E. coli. Klebsiella, Salmonella na Shigella wote wamo kwenye mzunguko huu. Mlipuko wa homa ya matumbo uliogunduliwa mwaka 2016 katika jimbo la Sindh, Pakistani, ulianza hivyo: bakteria ambaye tayari alikuwa na usugu wa dawa za zamani alipokea plasmidi yenye blaCTX-M-15 pamoja na qnrS, jeni inayopunguza nguvu ya siprofloksasini, na seftriaksoni ikapotea.

Jentamisini huzimwa na jeni iitwayo aac(3)-II. Kimeng'enya chake hubandika kipande kidogo cha asetili juu ya dawa, nayo haiwezi tena kushika ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria. Ndugu yake, aac(6')-Ib-cr, anastahili kutajwa. Asili yake ni kimeng'enya cha kuzima dawa za jamii ya jentamisini, lakini mabadiliko mawili ya asidi-amino yamekiwezesha kubandika asetili kwenye siprofloksasini pia. Akiwa peke yake haleti usugu mkubwa. Akikutana na gyrA na parC zilizobadilika, mambo yanakuwa magumu zaidi.

Kotrimoksazoli ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na bakteria ana jeni mbili za kuikabili. Dawa zote mbili huziba hatua za utengenezaji wa foleti, vitamini ambayo bakteria huihitaji ili kutengeneza DNA. Jeni za sul1 na dfrA17 hazivunji dawa wala haziitoi nje. Zinatengeneza nakala mbadala za vimeng'enya vilivyozibwa, nakala ambazo dawa haizishiki, na kazi inaendelea kama kawaida. Mara nyingi hukaa kwenye kifaa kinachoitwa integroni. Hicho hupokea jeni ndogondogo na kuzipanga kwa safu nyuma ya swichi moja: iliyo karibu na swichi husomwa sana, ya mwisho husomwa kidogo. Kimeng'enya kinachozipanga huamka DNA ya bakteria inapoumizwa, na dawa kama siprofloksasini huumiza DNA. Kwa hiyo ingawa dawa haifundishi bakteria badiliko mahususi, inaweza kuchangamsha uhamaji wa jeni alizonazo.

Sasa lile la dawa tano kwa mkupuo linaeleweka. CTX-M-15, aac(3)-II, aac(6')-Ib-cr, dfrA17 na sul1 zinaweza kukaa zote kwenye plasmidi moja. Ukiacha mabadiliko ya gyrA na parC yanayohusu siprofloksasini, bakteria hakuhitaji bahati nyingine kwa kila dawa. Alipokea mara moja tu. Ndiyo maana ile hesabu ya TB haitumiki hapa. Kuchanganya dawa mbili hufaa pale ambapo kila usugu unatokea kivyake. Usugu ukija ukiwa umefungwa pamoja, bakteria mmoja anazikwepa zote mbili. Hatari nyingine ni kwamba ukitumia dawa moja unazilinda zote. Mtu akinywa kotrimoksazoli kwa sababu nyingine kabisa, bakteria wa utumboni wenye plasmidi hii ndio wanaosalia na kuongezeka, na usugu wa seftriaksoni unaongezeka nao bila sindano hata moja.

Je, dawa zote zikiachwa, plasmidi itatoweka? Kubeba besi 100,000 za ziada kuna gharama, ndiyo, lakini gharama hiyo hupungua kwa mabadiliko mengine yanayoirekebisha. Tena plasmidi nyingi hujilinda. Plasmidi ya jamii ya F hutengeneza sumu, CcdB, na kiuasumu chake, CcdA. Sumu hudumu, kiuasumu huoza haraka. Bakteria mtoto akizaliwa bila plasmidi, kiuasumu kinamwishia kwanza na sumu aliyorithi inamshambulia. Ndiyo sababu usugu huchukua muda mrefu kupungua hata matumizi ya dawa yakipunguzwa.

Mama aliupata wapi? Karibu E. coli wote wa mkojo hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Bakteria mwenye plasmidi huingia kwa mdomo, kupitia mikono, maji, chakula, au kwa kulala hospitalini karibu na mtu anayembeba, na anaweza kukaa utumboni miezi kadhaa bila dalili yoyote. Siku akipata njia ya kufika kwenye kibofu, anafika na jeni zake zote. Jeni zenyewe ni za kale kuliko dawa za viwandani: katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 watafiti walisoma jeni za kuzuia penisilini, tetrasaiklini na hata vankomaisini, na wakatangaza hayo mwaka 2011. Kuvu na bakteria wa udongo wamekuwa wakipigana kwa dawa hizi tangu enzi hizo. Sisi tumezitumia kwa wingi hadi jeni zilizokuwa adimu zikawa za kawaida kwa bakteria wanaotuambukiza.

Kuhusu zile S. Nitrofurantoini haina madhara kwa bakteria mpaka vimeng'enya vyake mwenyewe, vinavyotokana na jeni za nfsA na nfsB, viiamshe. Ili awe sugu kikamilifu kwa kawaida lazima aziharibu zote mbili, na kuziharibu kunampunguzia nguvu ya kukua. Ndiyo maana dawa ya zamani kiasi hiki bado inafanya kazi. Fosfomisini nayo huingia kupitia milango ya bakteria ya kuchukulia sukari na glisero. Anayefunga milango hiyo hukosa dawa na hukosa chakula pia. (Disiki yake maabara lazima iwe na glukosi-6-fosfeti, isipokuwepo, mlango mmoja haufunguki na utasoma R ya uongo.) Meropenemu huvumilia CTX-M-15, lakini si vimeng'enya vya jeni za NDM, KPC wala OXA-48, ambazo nazo hutembea kwenye plasmidi. Kila meropenemu inayotolewa pasipo lazima inawafungulia njia wenye jeni hizo, na baada yake hubaki dawa chache sana. Hata kolistini, iliyohesabiwa kuwa akiba ya mwisho, ilionekana kukwepwa na jeni ya plasmidi, mcr-1, iliyotangazwa Novemba 2015 kutoka kwa E. coli wa China.

Kabla ya kuiamini karatasi, inafaa kujua namna inavyoweza kukosea. Kipimo cha disiki kinataka bakteria wa kiwango cha 0.5 McFarland, yaani kama milioni 100 hadi 200 kwa mililita, wapakwe kwenye agari (rojo iliyoganda ya kuoteshea) ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, disiki ziwekwe ndani ya dakika 15, kisha sahani ikae nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nyembamba, dawa inasambaa mbali, duara lisilo na bakteria kuzunguka disiki linakuwa kubwa na bakteria sugu anaonekana S. Bakteria wakipakwa wengi mno, duara linapungua na unapata R isiyo ya kweli. Kuthibitisha vimeng'enya vya aina ya CTX-M, hupimwa sefotaksimu (ndugu ya seftriaksoni) peke yake na sefotaksimu yenye klavulanati, ambayo huviziba vimeng'enya hivyo: duara likiongezeka kwa milimita 5 au zaidi, vipo.

Vipimo vya jeni ni vya haraka, ila huona kile tu vilichotengenezwa kukitafuta. GeneXpert ya awali ya TB hukagua besi 81 za rpoB, ambako ndiko yanakotokea mabadiliko mengi ya rifampisini. Eswatini kulikuwa na aina ya TB yenye badiliko nje ya besi hizo, nafasi ya 491, na mashine iliendelea kusema rifampisini inafaa. Kwa hiyo "jeni haikuonekana" si sawa na "dawa itaponya". Mgonjwa asipopata nafuu, rudini kwenye kuotesha.

Kuhusu mama mwenyewe, jambo la kumuuliza daktari ni kama maambukizi yako kwenye kibofu tu. Kama hana homa, kutapika wala maumivu ya kiunoni, na figo zake ni nzima, nitrofurantoini kwa siku 5 au fosfomisini gramu 3 mara moja ndizo zinazotumika kwa kawaida. Akiwa na homa au maumivu ya kiunoni, nitrofurantoini haifai hata kama karatasi inasema S, kwa sababu hukusanyika kwenye mkojo na haifikii kiwango cha kutosha kwenye nyama ya figo wala kwenye damu. Hapo arudi hospitali siku hiyohiyo. Amalize muda alioandikiwa, asiuongeze mwenyewe, na vidonge vikibaki asimgawie mtu: kila siku ya ziada inachuja bakteria wa utumboni na kuwapendelea walio sugu.

Akishapona, msipeleke mkojo tena kupimwa kwa ajili ya kuhakikisha. E. coli anaweza kuonekana kwa mtu asiye na dalili, na kumtibu kunaongeza usugu bila kumsaidia mgonjwa. Nyumbani anawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Karatasi ya majibu muitunze. Katika mwaka mmoja ujao, akilazwa kwa sababu yoyote au akihitaji upasuaji, ionyesheni kabla ya kuchomwa dawa ya kwanza, kwa sababu seftriaksoni ndiyo inayoanzishwa mahali pengi bila kusubiri maabara, na kwa bakteria huyu haitafanya kazi.